Mwaka Aliponenepa Okecho

Mwezi uliopita tulimzika Mama kijijini kwetu Kiyeyi, upande wa Uganda, kando ya kaburi la kaka yangu Okecho. Wageni walipoondoka tulibaki wanawake wachache nyuma ya nyumba tukisugua masufuria kwa majivu. Mmoja wetu alikuwa Nabwire, aliyekuwa mke wa Okecho. Alikuwa amevuka kutoka upande wa Kenya, anakoishi sasa na mume mwingine na watoto wakubwa, na ilikuwa miaka mingi tangu nimwone, hata alipoingia uani nilimwamkia kama mgeni, akanicheka. Alichota majivu mengine. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chetu cha mpakani, bila kuinua macho: "Wifi, kitu moja nauliza wewe. Mama amekufa anajua ile kitu iliua Okecho? Ama amekwenda hivyo tu?" Nikamwambia alijua. "Nani aliambia yeye?" Nikasema tumalize masufuria kwanza. Mimi ni mkalimani wa mahakama Tororo, siku nzima natoa maneno ya watu wengine kinywani mwangu, na labda ndiyo sababu maneno yangu mwenyewe huchelewa kutoka. Masufuria yalikwisha, Nabwire akaondoka kuwahi mpaka, na sikuwa nimemjibu sawasawa. Naandika sasa kile nilichopaswa kumwambia pale kwenye majivu.

Mwaka ule nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, msichana mrefu asiye na kazi anayekula sana. Mama akanituma Busia nikamsaidie Nabwire kwenye kibanda chake cha mitumba. Yeye na Okecho walikuwa na vyumba viwili mtaa wa Sofia, nyuma ya ghala la mahindi, na pazia ndilo lililogawa chumba cha kulala na hicho kingine nilicholala mimi, chenye jiko la mkaa, meza, na msumari ambapo shati jeupe la Jumapili la Okecho lilining'inia wiki nzima. Vumbi la mahindi liliingia kila mahali. Tulilikuta kwenye chai. Nje malori yalipanga foleni ya kuvuka, madereva wakilala chini yake mchana, na watu wenye ulemavu wakapita na baiskeli zao za magurudumu matatu zimejaa mizigo mpaka shingoni. Nilipenda kuwasikiliza Okecho na mkewe nyuma ya pazia. Yeye alikuwa Mpadhola, mkewe Msamia, na hakuna aliyejua lugha ya mwenzake vya kutosha kugombana nayo, kwa hiyo waligombana kwa Kiswahili na kupatana kwa Kiswahili. "Wewe mwanaume unasumbua," Nabwire angesema. "Nakwenda kwa mama yangu." Na Okecho angejibu, "Nenda, lakini acha chapati." Kisha kicheko.

Kazi ya Okecho ilikuwa kutafsiri. Mfanyabiashara akija kutoka Kenya kununua wimbi, yaani ulezi, kwa mkulima wa Merikit asiyejua Kiswahili, waliitwa watu wawili: wa kupima gunia na Okecho. Jumapili alisimama madhabahuni kando ya wahubiri wageni, shati limepigwa pasi, akigeuza mahubiri kwa Kidhopadhola. Watu walimwamini kwa sababu hakuwa akichonga maneno ili yapendeze. Siku moja mnunuzi alimtazama mzee wa watu na wimbi lake akasema, "Mwambie huyu mzee mjinga wimbi lake ni mchanga mtupu." Sisi tuliosimama pale tulidhani Okecho atalainisha. Akamgeukia mzee kwa heshima zote: "Anasema, wewe mzee mjinga, wimbi lako ni mchanga mtupu." Mzee akajibu maneno ambayo siwezi kuyaandika, na Okecho akayarudisha kwa mnunuzi yote, mpaka yale ya mama yake mzazi. Nusura wapigane. Mwishowe walicheka, biashara ikafanyika. Nilipomwuliza kwa nini hakupunguza, alinitazama kama nimemwomba aibe. "Maneno si yangu, Akoth. Mimi navusha tu." Kila alichovusha alikianza na neno lile lile, kwa Kiswahili hata alipokuwa akigeukia lugha nyingine: anasema.

Ugonjwa ulianzia kanisani, na sisi tukaucheka. Mhubiri alikuwa anazungumzia mwanakondoo, Okecho akafungua kinywa, akakwama, akatafuta, akasema, "Mtoto wa... wa kile kitu kinachokula majani." Kanisa zima likapasuka kwa kicheko. Tulidhani anatania. Nabwire alimtania njiani kurudi nyumbani, akiita kila mbuzi tuliyempita kitu kinachokula majani, na Okecho akacheka pia, lakini nilimwona akisogeza midomo kimya kimya akilitafuta neno lile. Baadaye yakaja maumivu ya kichwa ya asubuhi, yanayomwamsha kabla ya jua na kumtapisha. Alimeza dawa za maumivu za dukani. Siku moja tulikuwa mezani, tunakula dagaa, mkono wake wa kulia ukaanza kurukaruka peke yake, kikombe kikaanguka, kisha mwili mzima ukaenda chini. Jirani mmoja alipiga kelele tusimguse, kwamba povu la kifafa huambukiza. Nabwire alimpiga huyo jirani kikumbo, akapiga magoti, akamlaza mumewe ubavu. Mpaka leo namheshimu kwa ajili ya dakika ile.

Walimpeleka Tororo, Tororo wakamtuma Mbale, Mbale wakamtuma Kampala. Huko walimpiga picha ya kichwa, wakatoboa tundu dogo kwenye fuvu wakachukua kipande cha kupima, na wakatuambia turudi kusikia majibu. Siku ya majibu Nabwire alibaki Busia kulinda kibanda. Mama alikataa kubaki. Alivaa gomesi yake ya kijani, akafunga viazi vitamu vilivyochemshwa kwenye jani la mgomba, na tukakaa watu watatu mbele ya daktari, kwenye chumba chenye dirisha moja na picha ya kichwa cha kaka yangu imebandikwa kwenye ubao wa mwanga. Daktari alikuwa kijana, mwenye sauti ya upole, na aliongea Kiingereza. Mama hakujua Kiingereza. Mimi nilikijua cha shule. Okecho alikijua vizuri, ijapokuwa siku zile kilikuwa kimeanza kumtoroka.

Daktari alisema ni saratani ya ubongo, aina iitwayo glioma, na ya daraja baya kuliko yote. Haikutoka sehemu nyingine ya mwili, ilianzia humo humo. Alionyesha kwa kalamu upande wa kushoto, akasema mahali hapo ndipo maneno hukaa kwa watu wengi, na hawangeweza kuikata yote kwa sababu haina ukingo, imejipenyeza ndani ya ubongo usiougua. Kuifuata kwa kisu ingekuwa kumwondolea usemi kwa mkono wao wenyewe. Okecho alitabasamu akasema, "Hata mpaka wa Busia una geti." Daktari hakuelewa. Akaendelea: atampa vidonge vya kuzuia kifafa, na vingine vya kupunguza maji yanayojaa kuuzunguka uvimbe na kuubana ubongo. Kwa hivyo vya maji atajisikia vizuri upesi, lakini asidanganyike, uvimbe utakuwa pale pale, na asiviache ghafla. Kisha mionzi, kila siku ya kazi kwa wiki sita, hapo hapo Kampala. Mionzi itauchelewesha. Haitaumaliza. Okecho akauliza muda. Daktari akatazama meza, akasema kwa mionzi labda mwaka na kidogo, bila mionzi miezi.

Mama alikuwa akitazama midomo ya watu. "Anasema nini?" akauliza. Okecho akakaa wima, kama ajinyooshavyo kazini. Nilijiandaa kusikia yote, neno kwa neno, kwa sababu sikuwahi kumsikia akifanya vingine. "Anasema kuna uvimbe mdogo," akamwambia. "Anasema atanipa vidonge, uvimbe utakwisha." Mama akakunja uso. "Na yale mengine? Ameongea muda mrefu." Okecho akasema, "Anasema niache pombe." Mama akacheka mpaka akajipiga paja, akamwambia daktari kwa Kidhopadhola kwamba amefanya vizuri sana, hilo yeye amelisema miaka yote. Daktari akamtazama Okecho apate tafsiri. "Anasema asante," Okecho akamwambia. Mimi nilikodolea macho viatu vyangu. Nilihisi hofu ambayo hata maneno ya daktari hayakuwa yamenipa, kwa sababu kama Okecho naye anachonga, basi hakuna mtu tena wa kuaminiwa.

Mama alipokwenda msalani tulisimama nje kwenye ukuta wenye jua. Okecho alijua nimesikia. Hakujitetea. "Nitamwambia mwenyewe," akasema. "Si leo. Nabwire pia nitamwambia mwenyewe. Wewe nyamaza." Nikamwuliza lini. Akasema akipata nguvu kidogo. Kisha akasema kile ambacho kimekaa nami tangu siku hiyo: "Maneno yakiniishia kabla sijamwambia Mama, utasema wewe. Yote, kama daktari alivyosema. Usichonge." Nilikuwa na umri wa miaka kumi na saba, nikasema ndiyo, kama mtu anavyokubali kutumwa chumvi.

Vidonge vilifanya kazi vizuri mno. Kichwa kilipoa ndani ya wiki. Maneno yalirudi, mwanakondoo akarudi, akarudi pia kwenye magunia. Akaanza kula. Sijaona mtu akila vile. Alfajiri ningeamka nikamkuta jikoni hajalala, amemaliza kiporo cha ugali, anakaanga chapati na mayai huku akiimba. Alimaliza sufuria ya magira, kunde zile za kusaga tunazopika sisi Wapadhola na kuzila taratibu siku ya heshima, kisha akauliza kama kuna zingine. Uso wake ukajaa ukawa mviringo, mashavu yakang'aa, shingo ikanona. Kwetu mtu aliyekonda ni mgonjwa na mtu aliyenenepa amepona, hakuna mjadala. Sokoni watu walimshika mashavu. "Ai, Okecho! Mungu amefanya kazi! Busia inakupenda sasa!" Mama alikuja kutoka Kiyeyi kumwona, akamzunguka, akamfinya mkono, akalia kwa furaha. Miaka mingi baadaye daktari mmoja alikuja mahakamani kutoa ushahidi, nikamsubiri nje kwenye ngazi nikamwuliza. Akanieleza kwamba unene ule hutokana na vidonge vyenyewe, hujaza uso na tumbo huku vikila misuli ya mapaja, na hunyima usingizi. Nilikumbuka jinsi Okecho alivyoanza kushika meza anapoinuka. Sisi tulitazama mashavu tu.

Mama akaandaa shukrani. Alipika kongo, pombe yetu ya wimbi, akaiweka kwenye chungu kikubwa, na wanaume wakakizunguka na mirija yao mirefu huku watu wa kanisa wakijifanya hawaioni. Alichinjwa mbuzi. Watu walitoka Rubongi na Merikit. Okecho alikaa katikati na soda yake, shati jeupe limembana vifungo, na Mama akasimama akatoa ushuhuda kwamba mwanawe alikuwa na uvimbe kichwani na uvimbe umekwisha. Alisema ameupeleka mpaka Kampala akaurudisha umekufa. Wanawake walipiga vigelegele. Nabwire alicheza. Nilimtazama kaka yangu nikingoja asimame aseme, na kwa kweli alisimama, akawatazama wote, akawashukuru kwa lugha nne, moja baada ya nyingine, bila kukwama hata mahali pamoja. Hiyo ndiyo mara ya mwisho nilipomsikia akiwa mzima wa maneno, na yote yalikuwa ya kuwashukuru watu kwa jambo ambalo halikutokea.

Siku ya kuanza mionzi ilifika wiki iliyofuata. Nilimkumbusha nilipokuwa naanika nguo. "Nitawaambia naenda Kampala kufanya nini?" akaniuliza. "Nilishasema vidonge vinamaliza." Nikamwambia basi aseme ukweli. Akashika kamba ya nguo. "Mama analala usingizi siku hizi, Akoth. Unajua ni tangu lini hajalala hivi? Nimwamshe ili nimwongezee miezi ya kuniuguza?" Nilimkasirikia. Bado namkasirikia mara nyingine, nikiwa nimesimama mahakamani katikati ya kesi ya mtu mwingine. Najua mionzi isingemponya, daktari alisema wazi, na niliyemwuliza kwenye ngazi alirudia vile vile. Ingempa miezi michache, labda ya kuchoka na kupoteza nywele. Lakini katika miezi ile huenda pangekuwa na siku moja nzuri ya kumwambia Mama, na hiyo siku nimeitafuta kichwani mwangu miaka yote hii. Siku ya mionzi ikapita. Alikwenda ghalani kutafsiri kama kawaida.

Mvua zilipoanza, maji ya kichwani mwake yalishinda vidonge. Kiingereza kilitangulia kuondoka, kisha Kisamia alichokuwa amejifunza kwa wakwe. Daktari wa kwenye ngazi aliniambia hakuna utaratibu maalumu, kila mtu hupoteza kwa njia yake. Sokoni walianza kumwita mwingine, kwanza kwa kisingizio, kisha bila kisingizio. Watu wakasema amerogwa na wafanyabiashara aliowavushia matusi. Nyuma ya pazia sikusikia tena ugomvi. Nilimsikia Nabwire akiongea peke yake: "Sema kitu. Hata tusi, sema." Kile Kiswahili chao ndiyo nyumba waliyoishi, na kilikuwa kinabomoka yeye yumo ndani. Hatimaye mguu wa kulia ukakataa, na Nabwire alipotaka kumrudisha hospitali Okecho akatikisa kichwa mpaka machozi yakamtoka. Tukampeleka Kiyeyi kwa Mama. Nabwire akawa anaenda na kurudi, kwa sababu kibanda ndicho kilichotulisha, na siku ile anayoniuliza hakuwapo, ukweli aliupata baadaye.

Ilikuwa mchana, baada ya mvua, Mama amekaa barazani anapukuchua kunde ndani ya ungo. Okecho alikuwa kwenye kiti kando yake, uso bado mviringo, mkono wa kulia umelala mapajani. Neno moja tu lilikuwa limebaki kinywani mwake wakati huo. Alilitumia kuomba maji, kuomba kugeuzwa, kumfukuza kuku: anasema. Mama alikuwa amelizoea, akilijibu kwa kubahatisha. Mchana ule alianza kulisema tofauti. "Anasema," akamwambia Mama. Mama akamletea maji. Akayasukuma yakamwagika. "Anasema. Anasema." Akainua mkono wake mzima akagusa kichwa chake upande wa kushoto, akaelekeza kidole mbali, upande wa barabara ya Kampala, kisha akanielekezea mimi. Alikuwa akilia, na alikuwa amekaa wima. Mama akaacha kunde. "Nani anasema?" akamwuliza. "Anasema nini, mwanangu?" Kisha akanigeukia mimi, na nikajua siku yenyewe ndiyo hiyo.

Nikasimama. Sijui kwa nini nilisimama, labda kwa kuwa yeye alizoea kufanya kazi ile akiwa amesimama. Nikamwambia Mama, "Daktari anasema." Nikasema ni saratani. Nikasema haina ukingo, haikatiki. Nikasema vidonge vilikuwa vya maji, si vya uvimbe, na asidanganyike akijisikia vizuri. Nikasema mionzi ingechelewesha, isingemaliza. Nikasema miezi. Sikuongeza, sikupunguza, na kila sentensi niliianza na neno lake. Okecho alikuwa akitikisa kichwa kukubali, kila nilipomaliza kipande, kama mkaguzi. Nilitamani Mama anikatize, anipige, aniambie mwongo. Hakunikatiza. Alipokea yote akiwa ameweka viganja juu ya kunde.

Nilipomaliza, Mama aliinua viganja, kunde chache zikamwagika. Kuku wakaja wakadonoa zilizomwagika, hakuwafukuza. Hakuuliza kwa nini alidanganywa, hakutaja mbuzi wala ushuhuda. Mwanawe alikuwa karibu kiasi kwamba goti lake liligusa ungo, na masikio yake hayakuwa na kasoro yoyote. Lakini Mama hakumtazama. Alinitazama mimi, kama watu wa magunia walivyokuwa wakimtazama Okecho, akasema polepole, "Mwambie nimesikia."

Nikamgeukia kaka yangu. "Mama anasema amesikia," nikamwambia.